Salomea na Mchoraji

Kaka Błażej,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba bata bukini wetu amenona hadi ameota kidevu cha pili. Kabichi tuliyoitia chumvi pipani nayo imechacha vizuri.

Mke wangu Salomea hushinda kwa yule mchoraji anayechora wanawake wakimenya viazi. Kila akienda huvaa shanga zake nyekundu za kanisani. Nikamuuliza, "Viazi gani hivyo visivyoisha?"

"Kamuulize mwenyewe, mwenye wivu wewe!"

Jana nikaingia huko bila hodi. Picha yake imeshakauka, iko ukutani. Salomea yuko miguu peku!

"Bwana Szczepan, funga mlango," mchoraji akasema, "baridi inaingia."

"Mke wangu anafanya nini hapa?"

"Ninaota moto," Salomea akajibu.

Kweli, kwetu sijakata kuni tangu theluji ianze.

Mdogo wako,
Szczepan