Mtu Akishaagwa

Tarehe 2 Februari

Dada yangu mheshimiwa,

Nakuandikia kwa sababu moja, nami naitaja kabla ya salamu ingawa najua si adabu: nimepata nyumba, na naomba mama aje kuishi nami.

Sasa nisalimu. Hamjambo nyote? Shemeji hajambo? Nyonga ya mama inasemaje siku hizi? Mimi ni mzima. Kazi katika ofisi ya bima naipenda. Nimekabidhiwa jukumu la kuwajibu wateja, na mkuu wangu amesema kalamu yangu ina heshima.

Nyumba ipo ghorofa ya tano. Usishtuke, lifti ipo. Nimeipanda mwenyewe pamoja na dalali. Sebule ina dirisha pana linaloelekea barabarani, na asubuhi jua huingia hadi miguuni pa kiti. Nilipoliona, nilimwona mama amekaa pale akiwasema wapita njia mmoja mmoja, kama afanyavyo hapo mlangoni. Kwa kuwa shemeji amehamishiwa kazi mbali, na nyumba mnayokaa mnairudisha kwa mwenyewe mapema Aprili, naona Mungu ametupangia. Nimesaini mkataba wa mwaka mzima, na kodi yote nimelipa kwa mkopo wa ofisi. Ulimtunza miaka yote niliyokuwa nasoma. Sasa zamu ni yangu.

Akuheshimuye daima,
Mdogo wako

Tarehe 11 Februari

Msomi wetu,

Sisi wazima, ila mama anakohoa kidogo na hataki kukiri. Wewe unakula? Maana heshima ya kalamu haishibishi.

Barua yako nimemsomea mara mbili. Ya kwanza akauliza, "Huyu ni mwanangu au ni mheshimiwa mbunge?" Ya pili akaomba nirudie pale pa dirisha.

Tangu siku hiyo humu ndani hamkaliki. Anagawa. Sufuria kubwa kampa jirani wa mkono wa kulia, yule waliyenuniana naye kwa ajili ya kuku. Nikamwambia, "Mama, si mlikuwa hamsemezani?" Akasema, "Ndiyo maana. Kila akipika atanikumbuka, na atajuta." Jioni nikawakuta wawili hao wamekaa mkeka mmoja wanacheka.

Nikuulize swali la kijinga: umeme ukikatika, hiyo lifti inapandaje?

Shemeji yako anakusalimu.

Dada yako

Tarehe 6 Machi

Dada yangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta katika afya njema, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Majukumu yalikuwa mengi.

Kuhusu nyumba, yamejitokeza masuala machache yanayohitaji marekebisho, ambayo nayafuatilia kwa karibu na wahusika. Kwa kuzingatia hali hiyo, napendekeza safari ya mama isogezwe mbele kidogo, hadi hapo mazingira yatakaporuhusu.

Mdogo wako

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako ina maneno mengi na haina habari. Ulipokuwa mtoto, ukivunja kitu ulikuwa unaongea kwa adabu namna hiihii. Umevunja nini?

Mama ameshazunguka mtaa mzima na mkongojo wake, nyumba kwa nyumba, kuaga na kuombana radhi. Watu wamelia. Muuza mkaa kamfutia deni, naye mama kamwambia mkaa wake ulikuwa na mchanga lakini amemsamehe. Sasa nimwambie isogezwe mbele mpaka wapi?

Niandikie kama mtu.

Dada yako

Tarehe 17 Machi

Dada,

Natumai nyote wazima. Naandika bila mapambo.

Ufunguo niliokabidhiwa haufungui nyumba niliyoonyeshwa. Unafungua ile ya nyuma, ghorofa ileile. Dirisha lipo. Ukilifungua na kunyoosha mkono, unagusa ukuta wa jengo la pili na bomba la maji machafu. Mchana nawasha taa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya; haikupita muda ikavimba kama ngozi iliyoungua, na nyuma yake ni ukungu mweusi, wenye harufu inayoingia mpaka kwenye mashati. Maji hayapandi huku juu. Nayabeba kwa dumu.

Lifti nilipohamia niliikuta imefungwa mnyororo. Nilimuuliza mlinzi itatengenezwa lini, akacheka mpaka akakaa chini. "Kijana, hiyo huwashwa akija mpangaji kuangalia nyumba. Akishasaini, inapumzika."

Nikamwandikia mwenye nyumba, barua ndefu yenye hoja zilizopangwa. Jibu lake lilikuwa hili: "Tumeyapokea malalamiko yako kwa uzito unaostahili. Hata hivyo, kwa mujibu wa mkataba, nyumba ina dirisha na jengo lina lifti." Nililisoma nimesimama ngazini. Dada, sentensi hiyo naijua. Ndiyo ninayowaandikia watu waliounguliwa na nyumba zao, na ndiyo mkuu wangu anayoisifu.

Kodi hairudi, na mkopo nitakatwa mwaka mzima. Kupanga pengine sina uwezo. Nakuomba umtafutie mama mahali pengine, popote. Kwa nyonga ile, akipanda huku hatashuka.

Mdogo wako

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Sina tusi la kukupa, nilitafuta nikalikosa.

Barua nilitaka kumficha. Akasema, "Soma yote. Macho yako nayaona yanavyoruka mistari." Nikasoma. Hakuuliza habari za lifti. Akauliza, "Na yeye analala humo?" Nikamwambia ndiyo. "Anakohoa?" Nikasema hajaandika. "Basi anakohoa."

Mahali nimetafuta, hakuna. Kule tuendako tumepewa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, na sheria yao ni mke na watoto tu; shemeji yako ameomba, ameomba tena, wamemwambia akazanie kazi. Jirani wa sufuria amejitolea mama akae kwake, tena kwa moyo mweupe. Mama kakataa. "Huyu nimeshamuaga, nikamwomba radhi, tukalia. Leo nimgongee na kikapu nimwambie sikwenda? Mtu akishaagwa haagwi mara mbili."

Nikamwambia, "Mama, ni ngazi za ghorofa tano."

Akasema, "Kupanda nitapandishwa. Na siku ya kushuka, haitakuwa kazi yangu."

Akacheka mwenyewe, mpaka kikohozi kikamshika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo kama ninayeanua.

Nyumba tunaikabidhi wiki ijayo. Basi litatufikisha kwako Jumamosi, tarehe 5 Aprili, kabla ya adhuhuri, na mimi nageuka na basi la jioni kumfuata shemeji yako. Niambie tukukute wapi.

Dada yako

Tarehe 28 Machi

Dada yangu,

Nakusalimu, na mama namshika miguu. Mwambie ndiyo, nakohoa.

Kitanda nimekisogeza mbali na ukuta wenye ukungu. Nilipitisha rangi juu yake, imevimba tena. Nimeazima ofisini kiti chenye mikono. Mlinzi na fundi seremala wa ghorofa ya pili watashika miguu ya nyuma, mimi nitashika mbele, ili mama apande akinitazama mimi. Seremala ameuliza kama mama ni mzito. Nimemwambia mdomo tu.

Tutapumzika kila ghorofa. Kwenye kona ya ngazi za ghorofa ya tatu kuna tundu la hewa ukutani. Nimelipima kwa macho: mtu akiwa amekaa kitini, anaiona barabara kidogo, duka la viatu na watu wakivuka. Hapo tutakiweka kiti chini, na hatutakinyanyua mpaka mama mwenyewe aseme ametosheka. Nimewaeleza wenzangu kwamba huenda tukachelewa hapo. Wamekubali.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili, saa nne asubuhi, mlango mkuu wa kituo cha mabasi. Mtanikuta nimeshafika.

Mdogo wako