Bonasi ya Majani ya Mama Yako

Kwako Wangeci, uliyelala nami blanketi moja kidato cha pili,

Baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba ndiyo iliyotufanya marafiki. Blanketi lako liliibwa kwenye kamba ya kuanikia, ukaja kitandani kwangu bila kuomba. "Songa, usijifanye mnene." Nikasonga. Miaka kumi baadaye ulikuja vivyo hivyo kukopa elfu kumi na nane za kufungua saluni Gatitu, nami sikukuuliza mara mbili.

"Mwisho wa mwezi, haki ya Mungu," ulisema.

Miezi minane ikapita. Nilikuandikia kwa utani, kisha kwa adabu, kisha kama karani wa benki. Ulisoma, hukujibu. Hukuniambia kwamba saluni ilifungwa na kwamba ulikuwa Timau ukikata maua kwenye shamba la watu. Lakini mimi pia sikuuliza habari zako. Niliuliza pesa tu.

Jumamosi moja nikaenda Kiriaini kwa mama yako. Nikueleze ukweli: kodi yangu ilikuwa imelipwa, na nilikuwa nimeshiba. Nilitaka tu mtu akubali kwamba nimekosewa.

Alinitilia chai, akaniuliza habari za kazi. Niliposema lililonileta, aliweka birika chini polepole.

"Ati ni ngapi?"

Nikamtajia. Aliingia chumbani, akatoka na noti zilizofungwa kwenye leso.

"Bonasi ya majani chai imeingia wiki hii. Hesabu, mami."

"Nakuamini, mama."

"Hesabu. Pesa ni ya kuhesabiwa."

Nikahesabu, Wangeci. Yeye amesimama mbele yangu na gambuti za shambani miguuni, na mimi nahesabu. Kisha akanifungia parachichi sita kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani, akinisihi nisikugombeze.

Jioni ulinipigia. "Mimi ungenitukana hata kanisani. Mama ungemwacha. Hiyo pesa ilikuwa ya mabati ya jikoni." Ukakata simu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yako.

Tangu hapo nimejitetea kichwani kila siku. Nimesoma, hoja ninazo. Pesa zilikuwa zangu na nilikuwa na haki ya kuzidai. Hakuna anayenipinga, na hilo ndilo linalonimaliza. Nikiwa kazini nasikia mtu akicheka kama wewe, nageuka, kisha nakaa dakika nyingi bila kuona kilicho mbele yangu.

Jana nilimtumia mama yako zile pesa zote kwa simu. Alizirudisha. Nilipompigia, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Deni iliisha, Muthoni. Hakuna mtu anadai mwingine."

Ni kweli. Siwadai, hamnidai, na sina tena sababu ya kuja kwenu.

Sikuombi unijibu. Uwe na afya huko uliko.

Aliyekuwa rafiki yako,
Muthoni