Chemchemi Mbele ya Chumba Kitupu

Bi Tatsuko mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, nina furaha na nina hofu, sijui ipi imezidi. Mimi nabuni mapango ya gemu za video katika kampuni ndogo hapa Sendai, mchezaji anashuka ngazi baada ya ngazi akipigana na mazimwi, na ngazi ya sita niliweka chemchemi, ukiikanyaga tu majeraha yote yanapona, lakini mkuu wangu akaniambia, "Unawadekeza mno! Waache wateseke kidogo!" nikaifuta huku roho inaniuma, mpaka Jumamosi alipokuja kutujaribia gemu Mama Fusae, mama yake fundi wetu wa sauti, ana miaka sabini na moja, akafa mara kumi na tisa kwenye ngazi hiyo ya sita, akasema, "Basi wanangu, hii si ya wazee," na mimi sikuvumilia, alipokwenda kunywa chai nikairudisha chemchemi mbele ya mlango wa mwisho, Bi Tatsuko, ungemwona! "Nimepona! Nimepona! We zimwi kubwa uko wapi, toka!" maana kila mchezaji hapa anajua, ukikuta chemchemi mbele ya mlango mkubwa, ndani kuna zimwi kuu, basi akanywa dawa zake zote za nguvu, akafungua mlango, na chumba kitupu, kwa sababu nilisahau zimwi tulishalihamishia ngazi ya saba! Akanigeukia, "Mbona hakuna mtu? Mnanitania?" Mkuu hajui lolote, Alhamisi gemu inakwenda kiwandani kunakiliwa kwenye diski, nimwambie au niifute chemchemi kimyakimya?

Mchimba Mapango, Sendai

Mchimba Mapango, vuta pumzi. Nimecheka hadi chai ikanitoka puani, kisha nikakukasirikia. Unagusa kazi ya wenzako wiki ya mwisho bila kumwambia mtu! Huruma yako naipenda, ila umemwahidi bibi wa watu zimwi ukampa kuta.

Kuifuta kimyakimya ni kosa la pili, hilo sahau. Kesho asubuhi mwinamie mkuu wako, sema, "Nimeirudisha mimi, nisamehe," na usijifiche nyuma ya Mama Fusae. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, mpe kidhibiti acheze ngazi ya sita mwenyewe bila chemchemi, mbele yenu wote. Akishakufa mara tano mtaelewana.

Halafu ing'oe pale mlangoni, uiweke katikati ya njia, iponye watu bila kuwaahidi kitu. Nyingine ya mlangoni iwekwe ngazi ya saba, aliko zimwi kuu. Jumatano mrudishe Mama Fusae, mrudishie na dawa zake zote, na safari hii hakikisha ndani kuna mtu.