Nishani ya Bura Isiyo na Sura

Mzee Farah,

Ni mimi Wafula, mbeba mawe wa hapa mtaani Waberi. Mgongo bado unauma, na nyumbani Bungoma kuna mtoto wangu ambaye sijamwona. Mazishini kwako nilikuja, lakini roho yangu haikuwa safi.

Sababu ni Barre wa mkokoteni wa maji. Ulimwachia mkebe wote. Nishani zote za yubile ya wafalme wa Uingereza walizopewa askari wa zamani, ulizokusanya tangu ujana kwa kuwa ya baba yako ilipotea. Barre! Hajui hata kusoma maandishi ya ukingoni. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikusomea zote, kila Ijumaa ukitoka msikitini, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia.

Na kule Bura kutafuta nishani ulikwenda na nani? Na mimi. Bibi mmoja huko alikuwa ameitoboa nishani ya marehemu mumewe na kuitia uzi, watoto waitafune wakiota meno. Tulipomwambia ina mfalme, akacheka, "Mfalme gani? Watoto wangu wote wameotea meno hapa." Nilimbembeleza kutwa nzima, akakubali kwa sukari na majani ya chai.

Kisha nikaharibu. Nilitaka uione iking'aa kama bati jipya, nikaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka sura ikafutika. Ukasema tu, "Warya, kijana, umemfuta mfalme." Tangu siku hiyo Barre ndiye aliyekuwa akikufungulia mkebe. Mimi niliachiwa birika la chai. Niliwatazama mkicheka. Iliniuma, Mzee. Hata sasa inauma.

Jana nilikwenda kwa Barre niuone huo mkebe. Ile ya Bura ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwa kipande cha shati langu la kazi, lile la buluu ulilosema nilitupe. Barre akanuna.

"Hiyo Mzee alikuwa akiifungua mwenyewe tu. Nikiigusa ananifokea, 'Wacha, hiyo ya Wafula!' Chukua bwana, haina hata sura."

Nilifurahi kuona naye ana wivu. Mungu anisamehe.

Sasa iko shingoni mwangu. Kwenye tundu alilotoboa yule bibi nimepitisha uzi wa kujengea. Sitaisugua tena, nakuahidi. Nikifika nyumbani mtoto ataotea meno hapo, nami nitamwambia palikuwa na mfalme, baba yake akamfuta, na Mzee Farah hakuitupa.

Pumzika, Mzee wangu.

Wafula