Hukuwa Mpangaji, Baba

Ni mwaka sasa, Baba, tangu tulipokutoa nyumbani kukupeleka makaburini. Mwalimu Shomari bin Mwinjuma wa Temeke, watu wengi walikujua. Sie tuliokujua zaidi ndio tuliokukana.

Tunakumbuka kipande cha chaki nyuma ya sikio lako, hata ukiwa sokoni. Vikombe vya kahawa uliviosha mwenyewe wageni wakishaondoka. Na wanafunzi wakipigana hukushika kiboko. Uliwaleta nyumbani, Mama akapakua wali kwenye sinia moja, wakala pamoja huku wamenuniana. "Kuleni," ulisema, "matusi mtaendelea nayo mkishanawa." Hatukumwona hata mmoja aliyeendelea nayo.

Kwa hiyo hatukushangaa habari za Kenya zilipokukosesha usingizi. Ndege za Serikali zilikuwa zikitupa mabomu misituni walimokuwa wapiganaji, na mazungumzo ya amani yalikuwa yamevunjika. Uliwakusanya walimu wenzako, mkatunga wito: mabomu yakome, pande mbili zirudi kuzungumza. Wenzako walitaka uandikwe kwa Kiingereza ili Serikali isikie. Ukawaambia, "Wanaoangukiwa na mabomu hawalii kwa Kiingereza. Kwani Kiswahili kina upungufu gani?" Ukausoma uwanjani pa shule, mbele ya watu, kwa sauti yako ya darasani, bila kumtukana mtu.

Haukupita muda, askari kanzu akafika barazani kwetu. "Huyu Mwalimu Shomari ni nani wenu?" akauliza. Mwanao Jabiri ndiyo kwanza alikuwa ameandikwa kazi bandarini, nasi tukaogopa asije akafukuzwa. Shangazi Somoe akajibu, "Si mtu wetu huyo. Mpangaji tu, anakaa uani." Alisema yeye, lakini sote tulikuwapo, na hakuna hata aliyekohoa.

Ulikuwa nyuma ya mlango, Baba. Ulisikia. Ukatoka, ukamsalimu yule askari, ukasema, "Naam, mie ndiye mpangaji." Kisha ukachukua mkeka wako ukahamia uani kweli, chini ya makuti yanayovuja, ili uongo wetu usije ukatuumbua. Tukakuacha uhame. Tukawa tunakuletea chakula huko kama mgeni. Masika yakaingia, kifua kikakubana, na humo humo ukafia.

Siku ya mazishi Temeke nzima ilikwishasikia tulivyokukana. Marijani, mtani wetu Mnyamwezi, akajilaza kizingitini, jeneza likashindwa kupita. "Mpangaji hatolewi kwa mlango wa mbele!" akapiga kelele. "Enyi wenye nyumba, kodi amemaliza, au ndiyo mnamfukuza? Hebu niambieni, huyu ni nani wenu?" Watu wakacheka, maana mtani ana ruhusa hata msibani. Sie hatukucheka. Desturi inataka mtani apewe kitu ndipo apishe njia. Tukampa kanzu yako. Akainuka, akajipangusa vumbi. "Nimepisha," akasema, "lakini sijajibiwa."

Jibu hilo tumekaa nalo mwaka mzima. Kila Marijani akipita na kanzu yako mwilini, tunajifanya tunafagia.

Ndege bado zinaruka juu ya misitu ya Kenya, na wanaopaswa kuzungumza bado hawazungumzi. Basi Marijani na asome hapa gazetini, na yule askari kanzu naye asome. Mwalimu Shomari alikuwa mtu wetu. Alikuwa mume, baba na kaka. Alichokisema uwanjani pa shule tunakisema nasi, kwa kuchelewa na kwa aibu: mabomu yakome, watu warudi kuzungumza.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanaasha. Dada yako Somoe, ambaye ndiye aliyetaka maneno haya yatangazwe. Mwanao Jabiri, wa bandarini. Na binti yako Tunu.

Siku zote utakumbukwa katika nyumba hii, ambayo ni yako.