Mkwe Wangu Ameanika Mpunga Kwenye Njia ya Watoto

"Zege ni la watu wa mjini, hakuna mtoto wa Kasoli aliyekufa kwa kukanyaga tope."

Mpendwa mshauri, hayo aliyasema jirani yangu Maduhu mkutanoni, nami nikasimama nikamjibu kwamba tope halijaua mtu lakini malori ya pamba yanapita barabarani na watoto wetu wanapita humohumo, nikapigiwa makofi, nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati, tukajenga njia ya zege ya watoto kwenda shule kwa miguu na baiskeli, na aliyeichezea nilimwakia, hata ng'ombe wa Maduhu niliwatoa kwa fimbo, sasa mpunga umevunwa na mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, ameutandaza njia nzima, kwa kuwa njia ilipita palepale alipokuwa na uwanja wake wa kuanikia, nami kwa desturi yetu Wasukuma siwezi kumsemesha mkwe wala kumtazama usoni, nikimwona kwa mbali nashuka kwenye baiskeli naingia kwenye pamba nachuchumaa mpaka apite, Maduhu ananipigia kelele, "Mwenyekiti, ng'ombe wangu uliwafukuza, mpunga wa mkweo unauamkia!", nikamtuma mke wangu Scola, akasema, "Mama yangu nikamfukuze mimi? Waliokupigia makofi wako wapi?", nikasimika kibao cha MARUFUKU KUANIKA, mkwe akaanika kanga juu yake, na juzi binti yetu Milembe wa darasa la tatu aliukwepa mpunga wa bibi yake akatokea barabarani na baiskeli, lori likafunga breki hatua tatu kutoka kwake. Naomba msaada, nifanyeje? Jina langu usilitaje.

Mwenyekiti, Kasoli

Ndugu Mwenyekiti,

Jina nimelificha, ingawa kwa kutaja cheo chako, mkeo, mtoto na ng'ombe wa jirani, Kasoli nzima imeshakujua. Pole kwa mshtuko wa Milembe, hapo sicheki. Hapo kwenye pamba, nisamehe, nimecheka.

Unadai kinachokukwamisha ni heshima. Si kweli, baba. Heshima inakukataza kumsemesha mkwe. Haikukukataza kumtuma Scola akamwulize ataanika wapi, kabla hujamwaga zege juu ya uwanja wake. Ulikuta uwanja mtupu kwa sababu haukuwa msimu wa mpunga, ukafunga kamba yako ya vipimo, ukaenda kupigiwa makofi. Mama wa watu anaanika alipoanika miaka yote. Wewe ndiye uliyemfuata!

Ng'oa kibao leo. Scola atangulie kwa mama yake na ombi la radhi, si amri, kisha mpunga uzolewe wote kabla watoto hawajatoka kwenda shule, ukaanikwe juu ya maturubai uani kwako. Ndiyo, uani kwako. Mkwe akija kuugeuza, utashinda nje ya nyumba yako jua lote. Utavumilia, binti yako atakuwa anapita salama.

Na ninyi wanaume wengine wa kamati, msijifanye hamkuishika ile kamba. Ninyi si wakwe zake, midomo yenu ina ruhusa. Jumamosi hii leteni saruji, mchanga na kokoto, mumjengee uwanja wa zege kando ya njia. Lakini kabla ya kupima chochote, nendeni mkamwulize mwenyewe anautaka wapi.