Papa, Agnesi Amehesabu Ng'ombe

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kibao kisicho na mgongo, kama ulivyopenda. Mara ya mwisho ulipotufikia hapa Goma, na lile lori la maharagwe kutoka Kiwanja, ulikataa kiti changu kizuri. “Mutu akiegemea, kichwa kinalala,” ulisema, na mimi nikacheka. Sasa sicheki. Tangu tulipokuzika, mji mzima unazungumza habari za vichwa.

Amekuja Madamu mmoja kutoka Ulaya, amefikia kwa masista. Ana sanduku lenye vipande vya mbao, picha na kamba. Anasema anataka kujua akili ya mtoto inafanyaje kazi, na namna ya kuitia nguvu. Watakaompendeza watapelekwa Bukavu, kwenye shule ya kulala. Wenzangu walifurahi. Mimi nilijiuliza, akishajua akili za watoto wetu ataenda kuzifanyia nini? Unanijua, Papa. Hata zawadi naigeuza kwanza nione upande wa chini. Hawa Wazungu wamepima mashamba, wamepima mifugo, wamepima mpaka mawe ya mlima. Vichwa ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Baba Agnesi alikubali haraka sana, na hilo nalo sikulipenda. Usiku ule ule alianza kusema “binti yangu wa Bukavu”. Nilimwambia anyamaze.

Agnesi alienda. Alipanga vipande vya mbao upesi kuliko wavulana. Kisha Madamu akamwonyesha picha nyingi, akazifunika kwa kitambaa, akamwuliza alichokiona. Agnesi alizitaja zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Halafu ikaja picha ya ng'ombe malishoni. Akaulizwa ni wangapi. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akaanza kulia.

Madamu alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Huyu mutoto iko na kumbukumbu muzuri, lakini hesabu hapana. Akili yake haifike pale.”

Haifiki! Mtoto anayenihesabia viazi sokoni bila kukosea! Nilitoka pale bila kuaga. Nilidhani wamemtisha, au wamemtafutia kosa makusudi ili nafasi ipewe mtoto wa karani fulani. Nilimshika Agnesi bega njia nzima, nikimwuliza walimfanya nini. Tulipofika nyumbani ndipo akanijibu: “Tate alinikataza.”

Tate, babu yake, yaani wewe.

Nilikaa chini, Papa. Kweli ulimkataza, kama ulivyotukataza sisi wote. Viazi vihesabiwe, mawe yahesabiwe, lakini ng'ombe na watu, hapana. Anayewahesabu anawaitia mauti. Jioni ulisimama kwenye mlango wa zizi ukiwatazama ng'ombe wakiingia, na ghafla unasema, “Bihogo iko wapi?” Na kweli, Bihogo hayupo. Kisha unatufumbisha macho, mimi na ndugu yangu Laurenti, tuwataje wote jinsi walivyoingia, nani nyuma ya nani. Aliyekosea alirudia. Nilifikiri ni mchezo wa kutuzuia tusisinzie kabla ya chakula. Kumbe Madamu amebeba mchezo huohuo ndani ya sanduku kutoka ng'ambo, na kitambaa chake.

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku hata wewe. Usinikasirikie. Nilijiuliza, alijua kwamba anatunoa akili? Au aliogopa tu, kama baba yake alivyoogopa, na akili zetu zikajinoa zenyewe? Sikuwahi kukuuliza. Ningekuuliza lini? Ulikuwa Papa, na Papa haulizwi.

Madamu alisema atawarudia watoto watatu kabla hajaondoka, na Agnesi mmoja wao. Lakini Agnesi aligoma. Baba yake alimbembeleza, kisha akamfokea. Jibu lilikuwa lile lile. Anaogopa Gaju, ng'ombe anayempenda, atakufa kule kwa mjomba wake, na itakuwa yeye aliyemuua. Nilimwambia ng'ombe wa picha hafi. Akaniuliza nimejuaje. Hata mimi mwenyewe, Papa, siko na hakika. Mpaka leo watu wakiniuliza nina watoto wangapi, nasema Mungu amenipa wa kunitosha.

Ndipo Laurenti alipotufikia, akileta siagi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akafuta machozi. “Dada, muzee alikuwa anahesabu!” Eti kila jioni pale zizini ulificha mikono nyuma ya mgongo ukivikunja vidole kimojakimoja. Laurenti alisimama nyuma yako miaka yote, mimi nilisimama mbele. Na yule daktari wa ng'ombe alipokuja na sindano zake akauliza idadi, ulimvuta kando ukamnong'oneza, na ikalingana.

Nilikasirika. Nakwambia ukweli, nilikasirika sana, mbele ya mgeni wangu, nikaiacha siagi juani. Ulituogopesha hivyo, na huku vidole vyako vinafanya kazi! Nilikaa na hasira siku mbili. Halafu ikanijia kwamba labda na wewe uliogopa, na bado ulilazimika kujua. Hapo nilikulilia kuliko siku ya mazishi.

Nikamwita Agnesi. Nilimwambia, “Tate amekupa ruhusa. Alinitumia neno kwa mjomba wako.” Nimetumia jina lako, Papa. Hukunituma. Kama nimekosa, deni ni langu, usimtazame mtoto. Akaniuliza kama anaweza kuhesabu kwa vidole, mikono ikiwa nyuma. Mjomba wake alikuwa ameshamfundisha.

Amehesabu. Mwalimu wake alikuwepo, ndiye aliyenipa habari. Agnesi alisimama mikono nyuma, akatazama picha, akataja idadi sawasawa. Gaju mzima, nimeulizia. Bukavu wamemkubali, ataondoka kwa meli baada ya Pasaka. Bado siwaamini. Nimewaambia masista nitakwenda naye nikaone anapolala, nani anafunga mlango na ufunguo unakaa wapi. Walitazamana. Watazoea.

Ila kuna jambo moja. Baada ya ng'ombe, Madamu alimwuliza nyumbani kwao wako watu wangapi. Na Agnesi, ambaye hajawahi kulijibu swali hilo, alijibu papo hapo: sita. Sisi tuko watano, yeye na baba yake, mimi na wadogo zake wawili. Madamu akaandika kosa. Mwalimu alikuja mpaka hapa kuniambia nikae na mtoto, nimfundishe vizuri, asije akarudia kosa hilo kule Bukavu.

Nilimshukuru, nikampa chai na kiti changu kizuri; kibao chako nilikiacha wazi.

Pumzika, Papa. Nakuahidi, sitamsahihisha.

Binti yako,
Mama Agnesi